Kujifunza GIS kwa utafiti wa historia: anza na jedwali, ramani itafuata

Msomaji mmoja anayesoma shahada ya uzamili ya historia ameniuliza hivi: "Nina barua na ripoti za safari za karne ya 19 ambazo ndani yake nimekuta majina ya mahali zaidi ya 600, pamoja na ramani tatu za zamani nilizoziskani maktabani. Msimamizi wangu ananishauri nitumie GIS. Idara ya jiografia ina kozi ya muhula mmoja, na mtandaoni kuna kozi fupi nyingi. Je, nichukue ipi, nitumie programu gani, na ni lazima nijue kuandika kodi za kompyuta?"

Nianze na kozi yenyewe. Kozi ya idara ya jiografia itakufaa, ila isiwe hatua yako ya kwanza, na usitegemee kwamba ikiisha utakuwa umejifunza yote unayoyahitaji. Sababu imo katika asili ya chombo hiki. Mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani programu inayounganisha ramani na majedwali ya taarifa za mahali, ambao sote tumezoea kuuita GIS, ulianza kujengwa Kanada katika miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Roger Tomlinson, na lengo lilikuwa kuorodhesha ardhi ya nchi hiyo na matumizi yake. Tangu hapo wateja wakubwa wa fani hii wamekuwa wapima ardhi, wapangaji wa miji, watu wa mazingira na wahandisi, na kozi nyingi zimetungwa kwa kuwafikiria wao. Anayepima msitu ana msitu mbele yake, na akikitilia shaka kipimo chake anarudi kupima tena. Wewe una jina lililoandikwa kwa tahajia tatu na waandishi watatu, mpaka ambao pengine haukuwahi kuchorwa na mtu yeyote, na tukio lililotokea "mwanzoni mwa masika", wala hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Kwa hiyo kozi hiyo itakufundisha vizuri projeksheni (njia ya kuitandaza dunia ya mviringo juu ya karatasi bapa), matabaka ya ramani (data za aina mbalimbali zinazopangwa moja juu ya nyingine), namna ya kuunganisha majedwali na namna ya kuchora ramani inayosomeka, na hayo yote huwezi kuyakwepa. Lakini itatumia wiki kadhaa kwenye picha za satelaiti na vipokezi vya GPS, ambavyo kwa swali lako vina msaada mdogo, na huenda isiguse kabisa maswali matatu yatakayokula muda wako mwingi: jina hili ni la mahali gani, mahali hapo palikuwapo kuanzia lini hadi lini, na nina uhakika kiasi gani na majibu hayo mawili. Maswali hayo ni ya mwanahistoria. Majibu yake huandikwa kwenye jedwali kabla programu yoyote ya ramani haijafunguliwa, na ubora wa ramani utakayoichora baadaye hauwezi kuzidi ubora wa jedwali hilo.

Fungua basi lahajedwali la kawaida, kama la Excel, na kila safumlalo (mstari wa mlalo) iwe kumbukumbu moja ya mahali kutajwa katika chanzo kimoja. Watu wengi hufanya kinyume chake: huandika orodha ya mahali, na mbele ya kila mahali hurundika vyanzo vyote vinavyopataja. Njia hiyo ni nyepesi mwanzoni, lakini ina madhara. Tuseme barua moja inataja kijiji fulani, na ripoti nyingine inataja kijiji chenye jina linalokaribiana nalo. Ukiviweka pamoja kwenye safumlalo moja, kisha miezi sita baadaye ukagundua kwamba vilikuwa vijiji viwili tofauti, hutaweza tena kutenganisha kipi kilitoka wapi bila kurudi kwenye nyaraka. Weka kumbukumbu zote kwenye jedwali la kwanza kama zilivyo, kisha uwe na jedwali la pili la mahali penyewe, ambamo kila mahali pana namba yake ya utambulisho. Kuamua kwamba kumbukumbu mbili zinahusu mahali pamoja kutakuwa ni kuzipa namba moja tu, na uamuzi ukibadilika unabadilisha namba, wala hakuna kinachopotea.

Katika jedwali la kwanza andika jina kama lilivyo kwenye chanzo, bila kusahihisha hata herufi moja, pamoja na chanzo, ukurasa na sentensi nzima ambamo jina limetokea. Tarehe nayo iandike mara mbili: kwanza kama mwandishi alivyoiandika, kisha mwaka, mwezi na siku kila kimoja katika safuwima (mstari wa wima) yake. Usiiachie programu ikuhifadhie tarehe. Excel huanza kuhesabu tarehe zake tarehe 1 Januari 1900, hivyo tarehe ya 1873 hubaki maandishi matupu yasiyopangika wala kutolewa hesabu, na kibaya zaidi, ukiandika kurasa "3-4" kwenye seli ambayo hukuitenga kuwa ya maandishi, huzigeuza kuwa tarehe ya mwaka huu bila kukuuliza. Kama nyaraka zako zina miaka ya Hijria, kumbuka kwamba mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida huangukia katika miaka miwili ya Miladia; mwaka 1300, kwa mfano, ulianza Novemba 1882 ukaisha mwishoni mwa 1883. Mahali chanzo kilipotaja mwaka peke yake, jaza mwaka wa mwanzo na mwaka wa mwisho unaowezekana, kuliko kuchagua mmoja kwa sababu tu programu inadai namba moja. Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa nyaraka za Kirusi, kwa kuwa Urusi haikuingia kwenye kalenda ya Gregori hadi 1918.

Sasa tuchukue sentensi moja ya aina utakayokutana nayo kila mara: "Siku ya pili baada ya kuvuka mto tulilala kwenye kijiji cha chifu." Jina halikutajwa, na ramani haikionyeshi kijiji hicho. Mwanafunzi wa kawaida ama hukiacha, ama hukidungia nukta kwa kukisia na kusahau kwamba alikisia. Ipo njia ya tatu, nayo ni kukipa kijiji namba yake ya utambulisho, kuandika latitudo na longitudo za makadirio, kisha kuongeza safuwima mbili: moja ya umbali ambao kijiji kinaweza kuwa kimepishana na nukta yako, kwa kilomita, na nyingine ya sababu za makadirio hayo. Umbali wenyewe haukisiwi. Tafuta katika ripoti hiyohiyo vipande vya safari ambavyo ncha zake zote mbili unazijua, vigawe kwa siku zilizotumika, nawe utapata mwendo wa msafara huo kwa siku, mwendo wake wa haraka na wake wa polepole. Zidisha kila mmoja kwa siku mbili za safari, na kijiji kitakuwa kati ya mipaka hiyo miwili kutoka kivukoni, upande ambao msafara ulikuwa unaelekea. Unapochora, kijiji hicho hakitakuwa nukta bali eneo, na msomaji wako ataona kwa macho yake kile unachokijua na usichokijua.

Pamoja na umbali huo, weka safuwima ya uhakika yenye viwango vitatu na usizidishe, na uandike mapema, kwa sentensi kamili, kila kiwango kina maana gani. Kiwango cha juu kiwe, kwa mfano, mahali palipothibitishwa na vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Cha kati kiwe chanzo kimoja tu. Cha chini kiwe makadirio. Baadaye utachora ramani yako mara mbili, moja kwa data zote na nyingine kwa zile za viwango viwili vya juu, na ikiwa hoja yako inaonekana katika ramani ya kwanza na kutoweka katika ya pili, basi hoja hiyo imejengwa juu ya makisio yako mwenyewe. Hapa jihadhari pia na mitambo ya kutafuta mahali kwa jina. Ukiiuliza jina la wilaya au la nchi, aghalabu hukurudishia nukta ya katikati ya eneo hilo, kana kwamba tukio lilitokea hapo hasa, na baada ya majina mia kadhaa utaona "kitovu cha biashara" mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote isipokuwa katikati ya poligoni, yaani umbo linalowakilisha eneo hilo kwenye ramani.

Kuna mfano unaoonyesha vizuri jinsi jedwali linavyobeba hoja. Kuhusu tuhuma za uchawi za mwaka 1692 katika kijiji cha Salem, Marekani, ramani moja iliyochapishwa mwaka 1974 ilipata umaarufu mkubwa kwa sababu ilionyesha washtaki wakiishi upande wa magharibi wa kijiji na washtakiwa pamoja na watetezi wao upande wa mashariki, na juu ya mgawanyiko huo pakajengwa maelezo ya kiuchumi ya mgogoro mzima. Miaka mingi baadaye mtafiti Benjamin Ray alizirudia kumbukumbu za mahakama na kuupanga upya uwekaji wa nyumba, akakuta kwamba baadhi ya washtaki hawakuwamo katika ramani ile na wengine waliwekwa pasipo pao. Alipowarejesha na kuwapanga upya, mgawanyiko wa mashariki na magharibi haukuonekana tena kwa uwazi uleule. Kilichobadili hoja hapo ni uamuzi wa nani ahesabiwe na awekwe wapi, uamuzi ambao ungeweza kufanywa hata kwa karatasi na kalamu.

Ukitaka kuona jedwali la mahali lililofikiriwa vizuri, angalia mradi wa China Historical GIS, ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha Fudan. Unahusu vitengo vya utawala vya China kuanzia 221 KK hadi 1911, na msingi wake ni kwamba jina la kitengo, hadhi yake au mahali pake pakibadilika, rekodi mpya hufunguliwa ikiwa na mwaka wake wa mwanzo na wa mwisho. Hutahitaji data zake, ila utaratibu huo unafaa kuigwa bila kubadilishwa. Kwa kulinganisha majina yako na yaliyokwisha kukusanywa na wengine, ipo World Historical Gazetteer, na kwa ulimwengu wa kale wa Wagiriki na Warumi ipo Pleiades. Yakilingana, hifadhi namba za utambulisho za orodha hizo kando ya namba zako.

Tuje kwenye ramani zako tatu. Kazi ya kuifungamanisha ramani ya zamani na latitudo na longitudo za leo ndiyo inayowavutia wanafunzi kuliko zote, na ndiyo inayofundishwa kwa haraka kuliko zote, kwa sababu kubofya ni rahisi. Kabla hujabofya, soma karatasi yenyewe. Tafuta skeli yake (uwiano wa ramani na ardhi), mwaka ardhi ilipopimwa, ambao si lazima uwe mwaka ramani ilipochapishwa, na longitudo sifuri yake. Mkutano wa Washington uliichagua Greenwich mwaka 1884, lakini kabla ya hapo, na kwa Wafaransa hata baada ya hapo, wachora ramani walianzia kwingine. Ramani inayoanzia Paris imetofautiana na Greenwich kwa takriban digrii 2 na dakika 20, ambazo karibu na ikweta ni kilomita 260 hivi; inayoanzia Ferro, katika visiwa vya Kanari, imepishana nayo kwa digrii 17 na dakika 40, yaani karibu kilomita 2,000. Ukiamini namba zilizochapwa pembezoni bila kuuliza zimehesabiwa kutoka wapi, utahamisha nchi nzima.

Kisha chagua nukta za udhibiti, yaani vitu vinavyoonekana katika ramani ya zamani na ambavyo mahali pake pa leo unapajua. Chagua vitu ambavyo havihami: makanisa, misikiti, ngome, madaraja ya mawe, vilele vya milima, makutano ya mito katika miamba. Epuka kona za mito ya tambarare na fukwe za mchanga, kwa sababu hizo huhama zenyewe, na usitumie kabisa maandishi ya majina, ambayo mchoraji aliyaweka palipokuwa na nafasi. Nukta zitawanye karatasi nzima, zifike hata kwenye pembe, maana sehemu isiyo na nukta itavutwa na zile za mbali kwa namna usiyoitegemea.

Hapa kuna mtego unaostahili kuelezwa polepole. Programu itakuuliza utumie ukokotozi gani kuipeleka ramani yako kwenye latitudo na longitudo za leo. Chaguo la kawaida ni polinomia, fomula ambayo kadiri daraja lake linavyopanda ndivyo inavyoruhusu ramani kupindwa zaidi. Ya daraja la kwanza inahitaji angalau nukta 3, ya daraja la pili 6, na ya daraja la tatu 10. Ukiweka nukta 3 tu katika daraja la kwanza, programu itakuambia kwamba mkengeuko, yaani umbali kati ya mahali ukokotozi ulipoiweka nukta na mahali ulipoitaka, ni sifuri, na mwanafunzi atafurahi. Sifuri hiyo haisemi lolote kuhusu ramani: nukta tatu daima hutosheka na ukokotozi huo, hata kama moja umeibofya katika mji usio wake. Mkengeuko huanza kuwa na maana pale tu unapokuwa na nukta nyingi kuliko zinazohitajika, na ndiyo maana napenda kuanza na daraja la kwanza na nukta kumi na kitu. Ipo pia njia inayoinyumbua ramani kama kipande cha mpira mpaka kila nukta ikae hasa mahali pake. Ina manufaa kwa ramani zilizopinda vibaya, lakini nayo huripoti mkengeuko wa sifuri au unaokaribia sifuri kwa sababu ndivyo ilivyoundwa. Ukiitumia, weka kando nukta chache ambazo hukuzitumia katika ukokotozi, kisha upime zimeangukia umbali gani kutoka mahali pake halisi. Kipimo hicho ndicho utakachokiripoti kwenye tasnifu.

Nukta moja ikionyesha mkengeuko mkubwa kuliko wenzake, wengi huifuta ili wastani upungue. Usiifute kabla ya kuichunguza. Inawezekana umebofya vibaya, inawezekana karatasi ilikunjwa au picha ilipigwa kwa simu ikapinda pembeni, na inawezekana vilevile kwamba mchora ramani hakuwahi kufika sehemu ile, akaijaza kwa masimulizi ya wasafiri. Katika hali hiyo ya tatu, mkengeuko ni ushahidi wa kihistoria. Ukiona kwamba nukta za kando ya njia kuu ya msafara zimekaa vizuri na zile za bara zimepotoka zote kuelekea upande mmoja, umejua kitu kuhusu jinsi ramani ilivyotengenezwa, na pengine kimezidi kwa thamani vijiji ulivyokuwa unavitafuta ndani yake. Ziweke namba hizo katika kiambatisho, pamoja na orodha ya nukta zote.

Kumbuka pia ukomo unaowekwa na skeli. Katika ramani ya 1:1,000,000, milimita moja ni kilomita moja, na mstari uliochorwa kwa wino wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 500 za ardhi. Hakuna ustadi wa kompyuta utakaokupa usahihi wa mita 50 kutoka kwenye karatasi hiyo, hata ukiikuza mpaka ionekane nyuzi za karatasi.

Kuhusu mipaka sitarefusha, kwa kuwa nyaraka zako ni za safari. Kama huna ramani ya wakati huo inayoonyesha mpaka, usichore poligoni yenye ukingo mkali kwa utawala ambao nguvu yake ilikuwa ikipungua kadiri mtu alivyosogea mbali na makao yake. Nukta za makao na za waliolipa kodi hueleza ukweli zaidi. Siku ukifanya kazi na takwimu za wilaya, tafuta kwanza kama kuna mtu aliyekwisha kuchora mipaka ya kila kipindi, kama ilivyofanyika kwa Marekani katika mradi wa NHGIS wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambao unatoa bure mipaka na takwimu za sensa tangu 1790. Mipaka ikiwa imebadilika kati ya sensa mbili, mara nyingi ni salama zaidi kujumlisha wilaya ndogo mpaka ufikie eneo ambalo halikubadilika, kuliko kuigawa idadi ya watu kwa ukubwa wa ardhi kana kwamba walisambaa sawasawa.

Uchambuzi wenyewe, yaani kupima umbali, msongamano, uonekanaji na uhusiano, utaufundishwa vizuri katika kozi ya jiografia, na hapo ndipo kozi hiyo inapoanza kulipa. Nina tahadhari chache tu. Umbali wa mstari ulionyooka si umbali wa mtu anayetembea na mzigo. Mradi wa ORBIS wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2012, unahesabu safari katika Dola ya Warumi kwa siku na kwa gharama, kulingana na njia, chombo na majira ya mwaka, na ukiuchezea kwa muda utaona jinsi bahari inavyoleta karibu miji ambayo kwenye ramani iko mbali. Usipime umbali juu ya projeksheni inayotumiwa na ramani nyingi za mtandaoni, kwa kuwa katika latitudo ya digrii 60 urefu wa kila kitu umeongezeka maradufu. Na matabaka ya msingi utakayoyapakua ni ya leo. Data za mwinuko zinazotumika sana, za SRTM, zilipimwa Februari 2000 kutoka angani, kwa hiyo bonde lililokuwa limefunikwa na bwawa wakati huo litaonekana kama ziwa tambarare, ingawa wasafiri wako walilipita kwa miguu. Mwanajiografia Anne Kelly Knowles alipotaka kujua ni nini makamanda waliweza kukiona katika mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alijenga uwanja huo kwa kutumia ramani iliyopimwa miaka michache tu baada ya vita, na hiyo ndiyo sababu watu waliyachukua matokeo yake kwa uzito.

Ninachokisisitiza zaidi katika sehemu hii ni kosa la kusoma tabia za mtu kutoka kwenye wastani wa eneo. Mwaka 1950, mtafiti W. S. Robinson alitumia sensa ya Marekani ya 1930 kulinganisha kuzaliwa nje ya nchi na kutojua kusoma. Alipolinganisha majimbo, yale yenye wageni wengi ndiyo yaliyokuwa na wasiojua kusoma wachache. Alipolinganisha mtu mmoja mmoja, mambo yakageuka: wageni ndio waliozidi kidogo kwa kutojua kusoma. Kilichotokea ni kwamba wageni walihamia majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma zaidi. Ramani ya rangi za wilaya inaweza kukudanganya hivyohivyo, tena kwa uzuri unaoshawishi.

Hata hivyo, ikitumiwa kwa uangalifu, njia hii hufika mahali ambapo kusoma nyaraka peke yake hakufiki. Kuhusu dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 katika nyanda za kati za Marekani, maelezo yaliyotawala yalikuwa kwamba wakulima walilima kupita kiasi, na yaliegemea zaidi mifano ya kaunti chache. Mwanahistoria Geoff Cunfer alikusanya takwimu za kilimo za kaunti za ukanda mzima, akaziweka pamoja na data za mvua na joto, akakuta kwamba dhoruba zilipiga hata maeneo ambayo sehemu kubwa haikuwa imelimwa, na kwamba ukame na joto vilieleza zaidi kuliko jembe. Kisha akarudi kwenye magazeti ya karne ya 19 na kukuta habari za dhoruba za vumbi za kabla kilimo hakijaenea. Angalia mpangilio huo: ramani ilizaa swali, na swali likamrudisha kwenye nyaraka.

Kwa programu, tumia QGIS. Ni ya bure, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na inaendelezwa na jumuiya kubwa, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ina kila kitu nilichokitaja hapa, pamoja na kifaa cha kuonyesha data zikibadilika kulingana na wakati. ArcGIS ya kampuni ya Esri ni nzuri pia, na kama chuo chako kimeilipia na mwalimu anaifundisha, jifunze kwayo bila wasiwasi. Dhana ni zilezile. Ila fikiria mapema utafanyaje leseni ya chuo itakapokoma nawe bado unaandika. Hifadhi matabaka yako katika muundo wa faili uitwao GeoPackage badala ya ule wa shapefile, kwa sababu shapefile ni mafaili kadhaa yanayopotezana, na haikubali jina la safuwima lenye zaidi ya herufi 10. Safuwima uliyoiita "jina_la_zamani" itarudi ikiitwa "jina_la_za", na baada ya mwaka hutakumbuka ilikuwa na maana gani.

Mpangilio wa mafunzo ambao ningekuwekea ni huu. Mwezi wa kwanza au miwili, jaza jedwali kwa sehemu ndogo ya nyaraka, labda majina 100 ya safari moja, mpaka safuwima ziache kubadilikabadilika. Kisha fuata masomo ya QGIS yaliyomo katika tovuti ya Programming Historian, ambayo ni ya bure na yameandikwa na wanahistoria kwa ajili ya wanahistoria, ukitumia ramani yako moja na majina yako hayo 100. Ukipata ufadhili wa safari, ipo nchini Kanada shule ya kiangazi ya DHSI, ambayo kwa miaka mingi mwenyeji wake alikuwa Chuo Kikuu cha Victoria; inafundisha mbinu kama hizi za kutumia kompyuta katika masomo kama historia na fasihi. Baada ya hapo ingia katika kozi ya idara ya jiografia, na kabla ya kujiandikisha mwulize mwalimu swali moja: je, mradi wa mwisho naweza kuufanya kwa data zangu? Akikubali, kozi hiyo ni yako. Akisema kwamba wote watatumia data zilizokwisha kusafishwa, utajifunza vitufe, ambavyo mwongozo wa mafunzo wa QGIS unaweza kukufundisha nyumbani, na ningekushauri uhudhurie mihadhara ya projeksheni tu kisha urudi kwenye kazi yako.

Na kuandika kodi za kompyuta? Kwa majina 600 na ramani tatu, hapana. Kitakachokufaa kwanza ni SQL kidogo, lugha ya kuuliza maswali kwenye majedwali, kwa kiasi cha kuuliza jedwali la kumbukumbu na jedwali la mahali kwa pamoja, kwa mfano "nipe mahali pote palipotajwa kabla ya 1875 na vyanzo viwili au zaidi", na hilo QGIS inakuruhusu kulifanya ndani ya GeoPackage yenyewe. Lugha za kuandikia programu kama Python au R zitahitajika pale utakapojikuta unarudia hatua zilezile kwa makumi ya ramani, au utakapotaka kutoa majina kwa mashine kutoka maelfu ya kurasa. Kazi yako haijafika huko, nawe usiipeleke huko kabla majina 100 ya kwanza hayajapata namba zake za utambulisho.